Mkunjo wa Mwisho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu alimtilia bibi yake uzi katika sindano kumi na mbili. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kumkimbia. Tundu la sindano aliliona mawili, na kila akilenga la kulia, uzi ulikwenda kwenye la kushoto ambalo halipo. Basi mtoto alikaa mlangoni penye mwanga, akalowesha ncha ya uzi kwa mate, akatia, akapiga fundo, akachomeka sindano kwenye kipande cha sponji, akachukua nyingine. Kumi na mbili zilitosha kazi ya siku nzima. Na mikono ya mtoto ikiwa kazini, bibi hakuiacha akili yake ikae bure.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ana mgongo hana mbavu, anasema hana kinywa."

"Kitabu. Hicho unanitegea tangu sijaota meno, mke mwenzangu."

Ndivyo walivyoitana, mke mwenza kwa mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, ingawa mume wa kugombania alikuwa kaburini miaka mingi.

Shuleni bibi huyu aliitwa Bi Sindano. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kadi ya kazi tu. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu. Kitabu kikichanika mgongo, kikipoteza jalada, kikitafunwa na mende, kiliishia kwenye meza yake katika chumba cha nyuma cha maktaba, penye dirisha moja, kibano cha mbao, chungu cha gundi na kisu cha kukatia karatasi. Shule nyingine za wilaya nazo zilileta vyao kwa maboksi, maana mshonaji alikuwa yeye peke yake. Mwenyewe alisoma mpaka darasa la saba, akakomea hapo. Lakini mtu akikaa jikoni miaka thelathini, hata asipoalikwa mezani atashiba kwa kuonja. Bi Sindano alionja kila kitabu kilichopita mikononi mwake, ukurasa huku, ukurasa kule, akingoja gundi ikauke.

Mjukuu aliitwa Wembe. Wenzake darasani walimpa jina hilo kwa sababu hakuacha jambo mpaka alipasue aone ndani mna nini. Mama yake alifariki akimwacha na miaka mitatu, na tangu hapo walikuwa wawili, chumba na sebule. Hakuna kitu ambacho bibi alikitamani duniani kama kumwona mtoto huyu akiingia chuo. Na mwaka ule chuo kilikuja chenyewe kupiga hodi. Wilaya ilitangaza shindano la insha, na atakayeandika vizuri kuliko wote angepewa nafasi katika chuo cha ualimu, masomo, chakula na kitanda juu ya wilaya. Nafasi ilikuwa moja. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma riwaya iitwayo Milango Mia Tatu, kutazama sinema iliyotengenezwa kutokana nayo, na kuvilinganisha.

Wembe alipolitaja jina la riwaya ile, bibi alimwaga chai mezani. Akasema ni uzee.

Riwaya ilikuwa hivi. Kuna mji uliotoa amri kwamba nyumba yoyote isiwe na mlango, kwa kuwa mwenye mlango ana la kuficha. Seremala wa mji, ambaye ndiye aliyeitengeneza milango yote mia tatu, anapewa kazi ya kuing'oa. Anazunguka na bisibisi yake nyumba hadi nyumba, anabisha hodi, anasema tafadhali, anang'oa. Kila sura inaanza na hesabu ya iliyobaki, mpaka sura ya kumi na moja, ambapo umebaki mmoja, wa kwake mwenyewe. Anaung'oa, anaubeba begani, anasimama katikati ya njia. Hapo kitabu kinaisha. Yaani, vitabu vya shule za wilaya viliishia hapo, na vingine havikuwepo, maana mwandishi alikwishakufa na waliokichapisha walikwishafunga duka.

Sinema ilionyeshwa Ijumaa mchana katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Bi Sindano aliingia kwa nyuma akakaa kwenye kiti cha mwisho, funguo za maktaba mapajani. Aliona seremala kijana, mabega mapana, meno meupe kama karatasi mpya. Aliona mvua na giza na askari wenye mashoka waking'oa milango huku akina mama wakilia. Mwishoni seremala anapanda juu ya meza sokoni, anatoa mfukoni bawaba moja ya mlango aliyoificha tangu siku ya kwanza, anaiinua juu, na mji mzima unatoka mbio na milango vichwani kwenda kuirudisha. Muziki ukapanda. Wanafunzi wakapiga makofi. Bi Sindano naye akapiga, na akajikuta anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Aliipenda sana sinema ile. Ilimwondolea mzigo ambao hakumwambia mtu kwamba alikuwa nao.

Wembe alitoka ukumbini amenuna.

Wiki mbili zilizofuata alisoma kile kitabu kama mtu anayechambua mchele, punje kwa punje. Jioni alikaa sakafuni na daftari, bibi akikunja nguo zilizokauka, na kila alichookota alikisema. Alisema kwenye sinema kuna askari kila kona, lakini kwenye kitabu hakuna askari hata mmoja, alirudia mara mbili ahakikishe. Milango hamsini ya kwanza seremala anaing'oa mwenyewe. Baada ya hapo watu wanaing'oa wenyewe na kumpelekea, wanapanga foleni, anayepitwa analalamika. Alisema sinema ni giza na mvua tupu, kumbe kitabuni jua linawaka mwanzo mpaka mwisho, maana nyumba isiyo na mlango inaingia mwanga, na mambo yote mabaya yanatokea saa sita mchana watu wakiangaliana. Sinema imempa seremala mchumba mwenye nywele ndefu. Kitabu kimempa mama mkwe anayekoroma.

Bibi alicheka akasema hata yeye angemchagua wa kwenye sinema.

"Na neno tafadhali," Wembe alisema. "Nimelihesabu, Bibi. Kitabuni limo mara tisini na moja. Kwenye sinema nimelisikia mara moja tu, tena anaomba maji."

Bi Sindano alimtazama mtoto wa marehemu binti yake, akaona kichwa hiki si cha kubaki nyuma ya kaunta ya duka. Moyo ukamjaa. Halafu Wembe akageuza ukurasa na kuuliza swali ambalo bibi alikuwa akilisubiri kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

"Kuna hii bawaba. Sura ya kwanza, seremala anaitia mfukoni, mwandishi anasema itakuja kuwa na kazi yake. Halafu haitajwi tena mpaka kitabu kinaisha. Sasa mtu anayehesabu milango mia tatu bila kukosea hata mmoja, anasahauje bawaba?"

Bibi alikunja shuka. Akalikunjua, akalikunja tena.

"Labda alichoka," akasema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulikuwa mdogo, wa kutosha ndani ya kiganja. Jumatano Wembe alimsomea insha yote kwa sauti. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake wote ulisimama juu ya mwisho ule. Aliandika kwamba sinema inatupa jibu kwa kuwa inatuogopa, na riwaya inamwacha seremala njiani na mlango begani kwa kuwa inatuheshimu. Mwandishi ameiacha bawaba isahaulike makusudi, ili tuitafute sisi. Alisoma mstari huo mara mbili kwa furaha. Bi Sindano alimsifu, akaenda uani kuanua nguo ambazo zilikwishaanuliwa.

Kwa sababu mwandishi hakumwacha seremala njiani. Aliyemwacha pale ni Bi Sindano, kwa kisu.

Ilikuwa miaka kumi na moja nyuma. Mwalimu mkuu wa wakati ule, ambaye wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu kwa kuwa hakuna karatasi iliyopita kwake ikabaki na rangi moja, alikuja mwenyewe kwenye chumba cha nyuma na kufunga mlango. Alizungumza kwa upole. Alisema wakubwa wameisoma sura ya mwisho ya kitabu kile na hawakuipenda, inawatia watoto sumu. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kitabu kinashonwaje. Bi Sindano alimweleza kwa fahari: karatasi kubwa hukunjwa ikawa kurasa kumi na sita, huo ndio mkunjo, kitabu ni mkunjo juu ya mkunjo, na mshonaji anaweza kuutoa mmoja na kukishona upya bila jicho la mtu kugundua. Yeye mwenyewe alimfundisha. Kalamu Nyekundu akasema vizuri sana, basi mkunjo wa mwisho uondoe katika kila nakala, na ulioutoa choma moto. Kisha akasema tafadhali, Bi Sindano.

Alikata siku mbili. Vitabu vya shule, halafu maboksi kutoka shule nyingine. Hakuna aliyemtishia, hakuna aliyesimama mlangoni. Siku ya tatu, rundo likiwa mbele yake, alikaa akakisoma alichokikata, na tangu siku hiyo hakusahau mstari wa mwisho.

Kuchoma akashindwa. Msije mkamfanya shujaa; hakufikiria kuuokoa ukweli wala nini. Karatasi ilikuwa nzuri tu, nzito, isiyo na doa, na mshona vitabu kuchoma karatasi kama ile ni sawa na mpishi kumwaga mafuta mapya. Kila kitabu kinachotengenezwa upya kinahitaji bitana ya mgongo, utepe wa karatasi unaogandishwa ndani kabla ya jalada kuvaa. Basi akaikata mikunjo ile tepe tepe, akaigandisha kwenye migongo ya vitabu vya hesabu, atlasi na kamusi alivyokuwa anavishona muhula ule. Sura ya mwisho ya Milango Mia Tatu ikakaa maktabani miaka kumi na moja, watoto wakiishika kila siku kwa mgongo wake bila kujua.

Alhamisi na Ijumaa zikapita. Kila Wembe alipotia uzi, bibi alitaka kusema, na kila alipotaka kusema alitega kitendawili. Ijumaa asubuhi mtoto alimwuliza kulikoni, mbona leo vitendawili vinatoka kama maji ya bomba. Bibi akajiambia mambo mawili. La kwanza, akinyamaza, mtoto atapeleka insha nzuri inayosifu kazi ya kisu chake, na wakubwa wataicheka au wataipenda, Mungu ajuaye. La pili, mtoto huyu hajawahi kumdanganya. Jumamosi la pili likamshinda. Akachukua funguo akaenda maktaba.

Hakuwa na haja ya orodha. Muhula ule uzi mweupe ulikuwa umekwisha stoo, akashona kwa uzi wa kijani mpaka muhula ukaisha. Alipita kwenye rafu akifungua kila kitabu katikati, akichungulia rangi ya uzi, na cha kijani akakitoa. Kumi na kimoja vilitosha. Akaloweka sponji kwenye maji ya moto, akakanda migongo mpaka gundi ikalainika, akaibandua bitana moja moja kwa ncha ya kisu kilekile. Vitabu vile vilikuwa kama watoto wake, naye aliviharibu mwenyewe.

Jumapili baada ya kufagia, alimwaga tepe mezani mbele ya Wembe. Akamwambia kitabu kina sura ya kumi na mbili, na hii hapa.

Kila utepe ulikuwa na maneno mawili matatu ya kila mstari, basi ilibidi kuzipanga ubavu kwa ubavu, kama mtu anayerudisha chungu kilichovunjika. Nakala zilikuwa nyingi, utepe wa hapa ulijazia wa pale. Wembe alipanga tangu asubuhi mpaka saa tisa bila kula. Alipomaliza alisoma, na bibi alijua amefika wapi kwa kumtazama uso.

Sura ya mwisho ni fupi. Amri inafutwa. Wakubwa wanapita wakisema wao hawakumng'oa mtu mlango, ulizeni majirani. Majirani wanasema walipeleka tu, foleni ilikuwapo tayari. Mwisho seremala, na mlango wake begani, anasema: amri ilikuwa yao, bisibisi ilikuwa yangu. Anangoja wampige, au wamsamehe. Hakuna anayefanya lolote. Mwanamke mmoja tu anamwambia basi, rudisha. Anaweka mlango wake chini, anaingiza mkono mfukoni, anatoa kile alichokuwa nacho. Na mstari wa mwisho unasema: bawaba moja haibebi mlango.

Wembe akachukua utepe mmoja, akauinua kwenye mwanga, akauona ukingo ulivyokatwa, safi, bila kuyumba, kama kilivyokatwa kila kitu kilichomo katika nyumba ile, kuanzia daftari zake za darasa la kwanza. Akalitazama kapu la nyuzi. Akamtazama bibi yake mikononi.

Na hapo ndipo Bi Sindano alipofanya kosa kubwa kuliko la kisu. Alimwomba.

"Andika mwisho huu, mke mwenzangu, ni haki yako. Ila usiseme umeutoa wapi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Tafadhali."

Neno lilikwishatoka, na wote wawili walilisikia. Wembe alikusanya tepe, akazitia kwenye bahasha.

"Sawa, Bibi," akasema. Hakusema mke mwenzangu.

Akaichana ile insha ya Jumatano na kuandika nyingine. Bibi hakusomewa, lakini aliikuta mezani alfajiri ya Jumatatu, akaisoma amesimama. Aliandika kwamba sinema ni tamu kwa kuwa inamsamehe kila mtu kwa mkupuo mmoja, kwa muziki. Na kwamba riwaya haikuhusu milango, ilihusu watu wazuri wanaosema tafadhali. Sura ya kumi na mbili aliieleza neno kwa neno. Ilipatikana wapi, hakusema. Alikuwa ameahidi.

Wiki tatu baadaye matokeo yalibandikwa ubaoni. Mshindi alikuwa mvulana wa shule jirani, aliyeandika kwamba sinema imeishinda riwaya kwa sababu sinema ina mwisho, wakati riwaya inamwacha mtu amesimama barabarani kama anangoja basi. Insha ya Wembe ilirudishwa ikiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu juu yake: *Mtahiniwa amebuni mwisho ambao haumo kitabuni. Kazi haikubaliki.*

Mwalimu wa fasihi alijaribu kumtetea, mradi alijaribu. Lakini alikuwa amefundisha kitabu kile miaka saba, na sura ya kumi na mbili hajawahi kuiona. Akamwuliza Wembe mara tatu aliitoa wapi. Wembe akajibu mara tatu kwamba hawezi kusema. Mwalimu akaondoka akitikisa kichwa, akisema kipaji kikikosa uaminifu ni bure.

Mtoto alipomweleza bibi hayo, hakulia. Aliongea taratibu, huku akipanga sindano kwenye sponji.

"Ile insha ya kwanza ingeshinda, Bibi. Hata ukweli ningeutetea, kama ungeniruhusu. Nusu ukweli ndiyo iliyoniua."

Bi Sindano aliutambua wino ule kabla hajaambiwa mwenyekiti wa wasahihishaji ni nani. Kesho yake alivaa viatu vya kutokea, akatia ile bahasha kwenye mkoba, akaenda ofisi za elimu za wilaya.

Njia nzima alijiona kama yuko ndani ya ile sinema. Atasimama katikati ya ofisi, atainua zile tepe juu, makarani wataacha kupiga chapa, mmoja atapiga makofi, wa pili atafuata. Alifika, akaambiwa akae kwenye benchi. Alikaa saa mbili na nusu kati ya mtu aliyeleta fomu za uhamisho na fundi wa feni.

Kalamu Nyekundu, mwenyekiti mwenyewe, alikuwa amenenepa, nywele zimekimbilia nyuma ya masikio. Alifurahi kumwona, na kwa kweli alifurahi. Akamvutia kiti, akauliza macho yanaendeleaje, akauliza kama yule binti wa marehemu ndiye huyu mwenye insha. Hakujifanya hajui.

Bi Sindano alimwaga tepe kwenye meza yake. Akasema mjukuu hakubuni. Mwisho upo, huu hapa.

Mzee aliokota moja akaigeuza. Upande wa pili palikuwa na gundi kavu na alama ya tarakimu zilizohamia kutoka kwenye ukurasa wa jirani, kuzidisha na kugawanya.

"Hizi karatasi zimetoka ndani ya vitabu vya hesabu, Bi Sindano."

"Niliziweka mimi. Nilizikata mimi, ulipokuja ukaniambia."

"Una barua?"

Hakuwa na barua. Hakukuwa na barua. Kulikuwa na mlango uliofungwa, sauti ya upole na tafadhali moja.

"Basi mimi sikukuandikia," alisema, tena kwa huruma, kama daktari. "Wewe unasema ulikata. Nani aliyeshika kisu?"

"Mimi."

"Ndiyo hivyo."

Mzee akasema orodha imekwishapelekwa chuoni, yule mvulana amekwishapokelewa, na mtu mmoja kusema jambo bila wa pili wa kulishika ni sawa na kutolisema. Kisha akamwuliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, ni vitabu vingapi vya shule alivyovipasua mgongo kuzipata tepe hizi. Bi Sindano hakujua kudanganya kwa idadi. Alisema kumi na kimoja. Mzee akaiandika idadi hiyo, kwa wino mwekundu, maana ndiyo kalamu iliyokuwa karibu.

Alipozikusanya tepe na kutoka nje, jua lilikuwa la utosi. Akasimama katikati ya njia na mkoba wake begani, mtu mmoja akampigia kengele ya baiskeli apishe. Alikuwa ameusema mstari wa seremala, karibu neno kwa neno, na alikuwa na bawaba yake mkononi. Ya pili ilikuwa kule ndani, mfukoni mwa koti la yule mzee, na mzee hatakufa kwa kuitoa wala hataitoa.

Barua ilikuja, safari hii barua ilikuwepo: kwa kuharibu mali ya shule, mshona vitabu anapumzishwa kazi kuanzia mwisho wa mwezi. Wenzake wa maktaba walimnunulia kanga. Mwalimu wa fasihi aliposikia yote alikuja nyumbani kumwomba Wembe radhi, akakaa ncha ya kiti, akasema mwakani huenda kukawa na shindano jingine. Wembe alimshukuru. Mwakani angekuwa amemaliza shule, na shindano ni la wanafunzi.

Miezi ile bibi na mjukuu waliishi kwa adabu. Salamu zilikuwapo, chakula kilikuwapo, pole na asante vilikuwapo. Bibi angesema kitendawili, na mtoto angejibu kwamba ana kichwa kinauma. Zile tepe bibi alizishona kwenye nakala moja ya Milango Mia Tatu iliyokuwa imetupwa kwa kukosa jalada: alizigandisha juu ya karatasi safi, akazikunja mkunjo, akaushona mahali pake kwa uzi wa kijani. Kilikuwa ndicho kitabu kizima pekee katika wilaya nzima. Akakiweka juu ya kabati, Wembe akakiona. Hakikuguswa.

Wembe alipata kazi ya kupiga pasi kwenye dobi la hoteli katika mji mwingine. Siku moja kabla ya kuondoka, bibi akiwa anafunga sanduku kwa kamba, mtoto aliongea mwenyewe, bila kuulizwa.

"Kitendawili."

Bibi aliiachia kamba. "Tega, mama. Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hicho hata mtoto wa miaka minne anakijua. Ni yai, na wote wawili walijua kwamba ni yai, na ni bibi mwenyewe aliyemfundisha, juu ya goti hilihili.

"Nimeshindwa," Bi Sindano akasema. "Chukua mji."

Maana ndiyo sheria ya vitendawili. Anayeshindwa humpa mwenzake mji autakao, naye huenda huko akala, akanywa, akarudi na kusimulia.

Wembe alifikiri kidogo, kama mtu aliyepewa kweli.

"Siutaki, Bibi," akasema. "Nimekwishakaa humo."

Asubuhi aliondoka mapema. Bibi alipoamka alimkuta hayupo, kitanda kimetandikwa. Mlangoni, pale penye mwanga, palikuwa na sponji. Mtoto alikuwa ametia uzi kila sindano iliyokuwamo ndani ya nyumba, nyembamba na nene, za nguo na za magunia, hata ile iliyopinda ya kushonea godoro, zote zimesimama zimejaa nyuzi, na vitabu vya kushona havikuwepo tena.